Vita vya Kugombea Dirisha

Katika kiwanda kile cha kuchapa vitabu, ghorofa ya chini ilikuwa ya kelele na ya juu ilikuwa ya macho. Chini kulikuwa na mitambo ya kuchapia, mashine ya kukatia karatasi na meza ndefu za wajalidi, wale wanaoshona kurasa, kupaka gundi na kuvisha vitabu majalada. Juu walikaa wasanifu wa kurasa na kompyuta zao nne. Na mwisho wa ukumbi, nyuma ya rimu za karatasi zilizopangwa hadi karibu na dari, alikaa msoma prufu, zile kurasa za majaribio zinazokaguliwa makosa kabla kitabu hakijachapwa.

Wenzake walimwita Bi Nukta, naye aliitika bila kinyongo, kwa maana jina hilo alikuwa amelitolea jasho. Kwa miaka ishirini na miwili hakuna kitabu kilichotoka kiwandani kabla jicho lake halijapita kila mstari, kushoto kwenda kulia, juu kwenda chini, kisha mara ya pili tena kana kwamba ile ya kwanza haikuwapo.

Lakini jicho nalo huchakaa. Mwezi uliopita makosa mawili yalimponyoka katika kitabu kimoja cha hesabu, na walimu wakaandika barua. Meneja, mtu mpole asiyependa kugombeza, alimwita ofisini akayazunguka maneno kama kuku anayetafuta pa kutagia. Mwisho akayataga: kosa jingine likipita, prufu zitapelekwa kusomwa nje, na yeye atatafutiwa kazi stoo.

Bi Nukta hakumlaumu. Angekuwa yeye ndiye meneja, angesema vilevile, pengine kwa maneno machache zaidi. Alikwenda kwa daktari wa macho, akaambiwa macho yake hayaumwi, yamefuata umri wa mwenyewe tu. Avae miwani mipya na asomee kwenye mwanga wa mchana. Miwani aliipata. Mwanga ndio uliomshinda. Kule nyuma ya rimu palikuwa na taa moja ya tyubu, na hiyo ilipepesa kutwa nzima kama mtu aliyeingiwa na mchanga jichoni. Habari hizi hakumwambia mtu, kwa kuwa hakutaka kuonewa huruma kazini.

Ndipo kikatokea chumba. Ghorofa ya juu, pembeni, palikuwa na chumba kilichojaa mtambo wa zamani uliokufa kabla wengi wao hawajaajiriwa. Siku moja wakaja wanunuzi wa vyuma chakavu wakaubeba, na nyuma yake likaonekana dirisha pana, refu kama mtu, lililokuwa limesahauliwa na kila mmoja. Wasanifu wa juu wakasema chumba ni chao, ahamie Bi Nukta na meza yake, ukumbi upate nafasi. Wajalidi wakasema chumba ni chao, kwa sababu chini kuna unyevu na majalada mapya yanajikunja kama majani makavu kabla gundi haijashika. Pande zote mbili zilikuwa na haki, na ndiyo maana ugomvi ulichukua wiki tatu. Meneja akachoka. Akawaambia waelewane wenyewe kabla ya Ijumaa jioni. Wakishindwa, atajaza mabunda ya karatasi humo mpaka dirisha lizibe.

Sasa, kiwanda kile kilikuwa na desturi yake. Saa saba mchana kengele ikilia, watu walikula upesi upesi kisha wakajazana kwenye kompyuta za juu kucheza gemu moja ya vita vya falme za kale. Unaanza na ukumbi mmoja wa mawe na wakulima watatu, katikati ya ramani nyeusi kama wino. Wakulima wanakata miti, wanachimba mawe, wanalima. Kwa jasho lao unajenga kambi, unafua mikuki, unafuga farasi, unavuka kutoka zama hadi zama. Wala hamngojeani zamu kama kwenye drafti. Wote mnacheza kwa wakati mmoja, na wewe ukijikuna kichwa, mwenzako anajenga.

Bingwa wa gemu hiyo alikuwa mkuu wa wajalidi, mzee mnene aliyeitwa Gundi, kwa sababu akikushika kwa maneno hubanduki. Mwenzake alikuwa mshonaji wa vitabu, mwanamke mwembamba mwenye ulimi mkali, naye hakuna aliyeuliza kwa nini anaitwa Sindano. Gundi ndiye aliyetoa wazo: chumba kichezewe. Wawili kwa wawili, kila wawili wakiongoza ufalme mmoja, Ijumaa saa saba hadi saa nane. Atakayebomolewa ukumbi wake mkuu amekwisha. Kengele ya saa nane ikilia na kumbi zote zimesimama, mwenye pointi nyingi achukue chumba.

Wasanifu wakakubali, maana nao walikuwa na mpiganaji wao, binti wa vidole vyepesi aitwaye Chapchap. Aliyekuwa akicheza naye kila siku ni mchoraji wa majalada. Jumatatu ile mchoraji akapiga simu kwamba mkewe amejifungua mapacha na yeye haji kazini wiki nzima. Wote wakamfurahia, kisha wakatazamana. Wasanifu wengine wawili walishika kipanya kwa kazi tu. Gemu hawakuijua wala hawakutaka kuwa sababu ya kushindwa. Kutoka nyuma ya rimu ikasikika sauti ya Bi Nukta, ya chini kama kawaida yake, ikisema kwamba yeye pia haijui, lakini siku nne si haba kwa mtu anayetaka kujifunza.

Jumanne saa saba alikaa mbele ya kompyuta kwa mara ya kwanza bila prufu mkononi. Gemu ilifunguka na maelezo ya historia ya falme, kurasa saba, ambayo hakuna mtu kiwandani aliyewahi kuyasoma. Bi Nukta aliyasoma. Chapchap alidhani mwenzake anapanga mbinu, akashughulika na upande wake, mpaka moshi ulipoanza kupanda.

“Bi Nukta, tumeshavamiwa.”

“Naona,” alisema Bi Nukta. “Na hapa ukurasa wa nne kuna nukta haipo.”

Sindano alicheka hadi akashika meza. Gundi alitangaza ngazi nzima kwamba chumba kimekwisha kupata wenyewe, akashuka kupima ukuta wa kutundikia rafu zake.

Jumatano Bi Nukta aliyaacha maelezo. Akampata mpanda farasi mmoja, mpelelezi, kazi yake ni kufunua ramani nyeusi ili ijulikane miti iko wapi na adui kajificha wapi. Wachezaji wengine humtuma kuzunguka nyumbani kisha humwacha afe popote. Bi Nukta alimpeleka kwenye pembe ya juu kushoto, akamwendesha moja kwa moja hadi ukingo wa kulia, akamshusha kidogo, akamrudisha kushoto, akaanza mstari mwingine. Ramani ilifunguka kama shamba linalolimwa kwa trekta. Wakati huo wakulima wake wamesimama chini ya mti, mikono kiunoni, kama wageni waliokosa mwenyeji.

Chapchap alikuwa binti mwenye adabu. Hakusema neno baya. Alivuta pumzi tu, akamweleza upya. Siku hiyo alimfundisha na jambo ambalo wengi huchelewa kulielewa. Ulipopita na farasi, alimwambia, panabaki na rangi, lakini rangi imefifia. Ukitazama pale baadaye huoni kilichopo. Unaona kilichokuwapo siku ulipopita. Adui anaweza kuwa amejenga mji mzima na wewe bado unatazama nyasi.

Hilo halikumsumbua Bi Nukta hata kidogo. Alilijua tangu ujana wake. Ndivyo ilivyo prufu ya kwanza: ukishairudisha kwa mafundi waisahihishe, si kweli tena.

Alhamisi wakagawana kazi. Bi Nukta achunge mashamba na asome ramani, Chapchap apigane.

Ijumaa nusu ya kiwanda ilipanda ngazi. Meneja naye akaja, akasema anatafuta kibanio cha karatasi, na kwa kuwa hakukiona akaendelea kukitafuta saa nzima. Kompyuta ziliwekwa mbili zikipeana mgongo na mbili, na watazamaji wakaapa kwamba atakayefungua mdomo atafagia ukumbi.

Gundi alicheza kama anavyofanya kazi. Vitabu vyake vilisifika kwa sababu hakuwa na papara: anapaka gundi mgongoni, anakiweka kitabu chini ya shinikizo, anaondoka, hakigusi mpaka kesho yake. Kisha anakata pande tatu kwa mashine, zikatoka sawasawa kama ukuta. Ufalme aliujenga vivyo hivyo. Ukumbi wake aliuegemeza kwenye msitu mnene, miti saba kwenda nyuma, hata paka hapiti. Pande tatu zilizobaki akazizungushia ukuta wa mawe wenye lango moja, na juu ya lango wapiga mishale. Akawatuma wakulima wakakate kuni msituni, akawasahau, akaanza kukusanya pointi.

Chapchap hakuwa mtu wa kusubiri. Saa saba na robo alipeleka wapanda farasi ishirini langoni. Walirudi sita.

“Mwanangu,” alisema Gundi kutoka upande wa pili, kwa sauti ya mtu aliyeshiba, “kitabu hakikatwi mgongoni. Mimi pande tatu nimezimaliza, mgongo nimeuachia msitu. Kapumzike.”

Baya zaidi lilikuja baada ya hapo. Sindano alituma kikosi kidogo kwa njia ya bondeni kikafika kwenye mashamba. Bi Nukta aliwaona. Lakini mpelelezi wake alikuwa katikati ya mstari, na katika maisha yake Bi Nukta hakuwahi kuacha mstari katikati, kwa kuwa ukiuacha hujui tena ulipoishia. Chapchap alimnong’oneza kwamba mashamba yanaungua. Akajibu kwamba amebakiza kidogo. Alipoumaliza mstari, nusu ya mashamba yalikuwa majivu, na wakulima waliosalia wamekimbilia ukumbini.

“Hilo kosa ni langu,” alisema. Aliwatoa wakulima mmoja mmoja, akawarudisha shambani. Aliona wazi tyubu ile ikipepesa nyuma ya rimu, mwaka huu na mwaka ujao, na baada ya hapo stoo.

Saa nane kasoro dakika ishirini na tano ramani nzima ilikuwa imesomwa. Aliyoyaona hayakusaidia: ukuta mzima, lango zima, msitu mzima. Wajalidi walikuwa mbele kwa pointi nyingi, na hawakuwa na haja ya kufanya lolote zaidi ya kukaa. Chapchap alikuwa amebakiwa na farasi sita, akatumia mawe yao ya mwisho kuunda mtambo mmoja wa kurushia mawe, mkubwa, mzito, wa kuvunjia majengo. Ukuta wa Gundi ungehitaji mitambo mitano.

Bi Nukta akamrudisha mpelelezi pembe ya juu kushoto.

“Kule umeshasoma kote,” alisema Chapchap.

“Hiyo ilikuwa ya kwanza. Naanza ya pili.”

Chapchap alitaka kulia, au kucheka, mwenyewe hakujua. Mpelelezi akaenda kulia, akarudi kushoto. Bi Nukta aliinamisha uso hadi pua ikakaribia skrini. Saa nane kasoro dakika kumi na sita farasi alipita nyuma ya msitu wa Gundi, akasimamishwa ghafla.

Mara ya kwanza pale palikuwa na miti saba kwenda ndani. Sasa ilikuwapo miwili. Nyuma ya hiyo miwili alionekana mkulima wa wajalidi, shoka begani, anakata.

Bi Nukta alielewa mara moja, na alijizuia asiseme kwa nguvu. Mkulima wa gemu ile akiambiwa kata mti, anakata. Ukianguka anashika wa karibu yake, kisha wa karibu na huo, mpaka aambiwe basi. Gundi hakuwa amemwambia basi. Alikuwa amekiweka kitabu chini ya shinikizo na kuondoka. Muda wote huo watu wake mwenyewe walikuwa wanauchonga mgongo wa ufalme kutoka ndani, kuni moja baada ya nyingine.

Alimwonyesha Chapchap kwa kidole, kimya. Watazamaji wa upande wao waliona. Mmoja akajiziba mdomo kwa kofia. Chapchap akaupitisha mtambo na farasi wanne nyuma ya vilima, wengine wawili akawaacha wakizungukazunguka mbele ya lango ili Gundi awe na cha kutazama.

Mti mmoja ukaanguka. Kati yao na ukumbi wa adui ukabaki mti mmoja. Farasi angejipenyeza pembeni yake, mtambo usingeweza.

“Farasi waingie sasa,” alinong’ona Chapchap. “Muda unakwisha.”

“Wakionekana, watamwita mkata kuni arudi. Tusubiri. Kijana wao anatufanyia kazi, tusimsumbue.”

Mkulima alipiga shoka mara sita. Kisha, mzigo ukiwa umejaa, akageuka akaondoka nao pole pole kuupeleka ukumbini. Chapchap alifumba macho. Ukumbi mzima wa juu ulikuwa umenyamaza, na Gundi, akidhani kimya hicho ni cha msiba wa wasanifu, akaanza kumweleza Sindano kwa sauti mahali gani pa chumba atapiga misumari.

Mkulima akarudi. Hakuna askari aliyewahi kungojwa kwa hamu namna ile. Akapiga shoka mara moja, mbili, tano, na mti wa mwisho ukalala. Ilikuwa saa nane kasoro dakika saba.

Mtambo uliingia kama ng’ombe anayerudi zizini. Jiwe la kwanza liliangukia paa la ukumbi. Gundi alidhani linatoka mbele, akawapanga wapiga mishale wote langoni. La pili, la tatu. Sindano ndiye aliyeshtuka.

“Nani kafungua mlango wa nyuma?”

“Nyuma hakuna mlango,” alisema Gundi.

“Basi wamepita wapi?”

Gundi akageuza ramani kutazama nyuma kwa mara ya kwanza tangu saa saba. Alichokiona kilimfanya avue miwani yake, aifute kwa shati, aivae tena. Askari wake walikimbia kutoka langoni, lakini farasi wanne walikuwa wamesimama kwenye njia nyembamba kati ya ghala na ukuta, na njia ile ilijengwa nyembamba na Gundi mwenyewe ili adui asiipite. Ukumbi ulianguka dakika tatu kabla ya kengele.

Kelele za upande wa wasanifu zilisikika mpaka getini. Chapchap alimkumbatia Bi Nukta shingoni nusura amwangushe kitini. Gundi alizunguka meza, akainama mbele ya skrini ya Bi Nukta, akaomba aonyeshwe. Bi Nukta akamwonyesha pengo, visiki, na yule mkulima, ambaye mpaka muda huo alikuwa ameshaanza mti mwingine.

“Kikulacho ki nguoni mwako,” alisema Sindano, akaanza kucheka, na Gundi mwenyewe akashindwa kujizuia, tumbo likamtikisika.

“Dada,” alimwambia Bi Nukta alipopata pumzi, “umekwenda kutazama tena mahali ulipokwisha kutazama. Kwa nini?”

Bi Nukta alisema ni mazoea ya kazi. Kisha, kwa kuwa mtu yule alikuwa ameshindwa vizuri, bila kununa wala kutafuta visingizio, aliona si haki kumficha. Akamwambia kwa sauti ya chini habari za macho, za kitabu cha hesabu na za stoo. Gundi alisikiliza mpaka mwisho. Alisema angejua asingecheza dhidi yake. Bi Nukta akajibu kwamba ndiyo maana hakumwambia.

Jioni ile wajalidi ndio walioibeba meza yake, kwa sababu mikono yao ilizoea mizigo, na Sindano akatembea mbele akiwaamuru kama jemadari aliyebadilisha upande. Wakaiweka chini ya dirisha.

Jumatatu asubuhi mwanga uliingia mweupe, ukatanda juu ya karatasi. Bi Nukta alifungua prufu za kitabu cha kilimo, akaona herufi zimesimama kila moja kivyake, zenye miguu na pembe zake, kama zamani. Kabla ya saa nne alikuwa ametia alama nyekundu kumi na moja, mojawapo kwenye kipimo cha dawa ya mimea, sufuri moja ya ziada ambayo ingeunguza mashamba ya watu. Meneja alipopita aliutazama ukurasa ule kwa muda mrefu, akautia sahihi, akaenda bila kuzunguka maneno. Habari ya stoo haikutajwa tena, siku hiyo wala baadaye.

Mchana alimwita Gundi. Chumba ni kirefu, alimwambia, na meza yake inakula robo tu. Ukuta wa mwisho unapata upepo na hauna unyevu. Rafu mbili zinaweza kukaa pale.

“Sitaki huruma ya mshindi,” alisema Gundi.

“Hiyo gundi yako inanuka?”

“Inanuka sana.”

“Basi huruma haipo. Ikae mbali na pua yangu.”

Gundi alisimama mlangoni akiutazama ule ukuta wa mwisho, mikono nyuma, kama mtu asiyejali. Halafu akamwita Sindano apande na futi ya kupimia, na njiani asisahau misumari.